Kurutubisha udongo wa kichanga kwa miti: mwongozo kwa mashamba ya Mtwara na Lindi

Udongo wa kichanga wa Uwanda wa Makonde, kuanzia Nanyamba hadi Tandahimba na Newala, hulimika kwa urahisi lakini haushiki kitu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, na maji yake hupenya upesi yakibeba virutubisho hadi kina ambacho mizizi ya mahindi haikifikii. Mbolea ya dukani ikiwekwa peke yake katika udongo wa namna hiyo, sehemu kubwa hupotea kwa njia hiyohiyo. Mzizi wa mti huvifikia virutubisho hivyo na kuvirudisha juu kwa njia ya majani, kwa hiyo kazi kubwa ya mkulima ni kuhakikisha kwamba majani hayo yanaishia udongoni.

Kabla ya kutafuta miche, kagua visiki vilivyomo shambani. Pori la miombo likifyekwa, mizizi hubaki hai kwa miaka mingi na kutoa machipukizi kila msimu, nasi huyafyeka pamoja na magugu bila kuyatazama. Wenzetu wa Dodoma wanaiita njia ya kuyatunza kisiki hai. Wakati wa kuandaa shamba, kati ya Agosti na Oktoba, chagua visiki vilivyoachana kwa mita kumi hivi, kila kimoja ukiachie machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, kisha ondoa mengine yote. Yaliyobaki yapunguzie matawi ya chini hadi nusu ya kimo chake, na uyafunge kitambaa chenye rangi kali ili vibarua wa palizi wasiyakate. Njia hii haina gharama ya miche wala maji. Inashindikana tu pale ambapo visiki viling'olewa, kama ilivyokuwa Nachingwea katika mpango wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951, ambapo matrekta yaliondoa pori pamoja na mizizi yake.

Kazi hiyo yote huharibiwa na moto wa siku moja. Acheni kuchoma mabaki ya palizi; yapangeni katika mistari kati ya mazao yaoze. Kwa kuwa moto mwingi wa kiangazi hutoka kwa jirani au kwa wawinda panya, lima ukanda mtupu wa mita tatu hadi tano kuzunguka shamba mara mvua zinapokoma, na makubaliano yafanyike katika mkutano wa kitongoji mapema, kwani mkulima mmoja hawezi kuulinda mpaka peke yake. Mchwa watakula sehemu ya matandazo hayo, na jambo hilo lisikukatishe tamaa, kwa sababu wanachokula wanakiingiza ardhini.

Zao la kuanzia, kwa maoni yangu, ni mbaazi. Mkulima wa Kusini anaijua tayari, mbegu anayo, na hahitaji kumshawishi mtu nyumbani kwamba mti huo unaliwa. Mbaazi za kienyeji hupandwa pamoja na mahindi mvua zinapoanza, hukua polepole wakati mahindi yanahitaji nafasi, kisha huendelea kutumia unyevu wa chini baada ya mahindi kuvunwa. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Ili kujua kama vinafanya kazi, chimbua mche mmoja taratibu unapokaribia kutoa maua, bila kuuvuta, kisha pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha waridi ndani kinafanya kazi, kikiwa cha kijani au cha kijivu hakifanyi. Wakati wa mavuno, usibebe kila kitu. Mashina ni kuni nzuri na yachukuliwe, lakini majani na maganda yarudi shambani. Tahadhari ni ya soko: India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi mwaka 2017, bei ilianguka vibaya, hivyo anayelima mbaazi kwa ajili ya udongo na chakula analala vizuri kuliko anayeitegemea kwa fedha peke yake.

Mti wa pili ni gilirisidia, mti wa jamii ya kunde ambao majani yake hutumika kama mbolea. Uwandani, ambako maji ya kiangazi mara nyingi hununuliwa kwa ndoo, kitalu kikubwa ni mzigo. Ni afadhali kuloweka mbegu usiku mmoja na kuzipanda moja kwa moja mvua zinaposhika. Vipando vya matawi pia huota, ila mche wa mbegu hutoa mizizi ya kina zaidi. Acha mita moja kati ya mche na mche, na mita nne hadi tano kati ya mstari na mstari. Mwaka wa kwanza palilia tu na uzuie mbuzi na ng'ombe. Kuanzia msimu wa pili, kata shina kwa kimo cha sentimita 30 hivi kabla ya kupanda mahindi, pukutisha majani mabichi, na uyafukie kwa jembe siku hiyohiyo, kwa sababu yakikauka juani naitrojeni hupotea. Rudia ukataji wakati wa palizi. Ukiacha miti irefuke katikati ya msimu, itanyang'anyana maji na mahindi, hasa mvua zinapokatika Februari kama ilivyo kawaida yetu.

Katika shamba jipya la mikorosho, lenye nafasi ya mita 12 kwa 12, miaka mitatu au minne ya mwanzo itumike kwa mbaazi, kunde, karanga au njugu mawe kati ya mistari. Mihogo isisogezwe karibu na miche.

Mikorosho mikubwa ina tatizo lake. Salfa ya unga inayopulizwa kila mwaka dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, huanguka chini na kuongeza tindikali, na udongo wa kichanga hauna uwezo mkubwa wa kuizuia. Dalili moja ni karanga au mahindi kudumaa chini ya mikorosho hata penye mwanga wa kutosha. Changanya udongo kutoka sehemu kumi za shamba, kuanzia juu hadi kina cha sentimita 20, uuanike kivulini, kisha muulize ofisa ugani au watafiti wa korosho wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), kituo cha Naliendele, namna ya kuupima kabla ya kununua chokaa ya kilimo ya kupunguza tindikali. Chini ya mikorosho iliyozeeka, sampuli ichukuliwe peke yake, isichanganywe na ya sehemu ya wazi.