Pittsburgh, Cleveland na Detroit: namna ya kupanga siku nane

Mto Cuyahoga wa Cleveland, Marekani, uliwaka moto tarehe 22 Juni 1969, mafuta na taka za viwanda zikiwa zimetanda juu ya maji. Moto huo ulizimwa ndani ya nusu saa hivi. Picha iliyotoka kwenye jarida la Time wiki chache baadaye, ile iliyoutia mji doa, ilikuwa ya moto mwingine mkubwa zaidi wa mwaka 1952. Pittsburgh nayo bado inasemwa kwa moshi wa viwanda vya chuma, Detroit kwa kufilisika Julai 2013, na watalii wanaipita yote mitatu kwa ndege wakielekea New York au Chicago.

Wanapitwa na mengi. Miji hii ilijengwa kwa pesa za chuma, mafuta na magari, ikajengewa watu wengi kuliko waliopo. Detroit ilikuwa na watu zaidi ya 1,800,000 mwaka 1950. Leo ni kama 640,000. Pittsburgh imeshuka kutoka zaidi ya 670,000 hadi karibu 300,000. Watu waliondoka, lakini majumba ya sanaa, bustani na masoko havikuondoka. Kwa hiyo mgeni anapata mambo ya jiji kubwa bila msukumano wake.

Kinachoharibu safari huku mara nyingi ni kalenda. Majumba ya makumbusho ya Carnegie mjini Pittsburgh hufungwa Jumanne. Yale makubwa ya sanaa ya Cleveland na Detroit hufungwa Jumatatu. Soko la West Side la Cleveland halifunguliwi Jumanne wala Alhamisi, na Eastern Market ya Detroit hunoga Jumamosi. Ukipanga kichwakichwa utakuta milango imefungwa. Mpangilio unaokwepa yote hayo ni huu: fika Pittsburgh Jumamosi jioni, hamia Cleveland Jumatano, ingia Detroit Ijumaa usiku, ondoka Jumapili. Miezi mizuri ni Mei hadi Oktoba, na Septemba ndiyo bora. Kabla ya kulipia hoteli, angalia ratiba ya mechi za nyumbani za Steelers, Browns na Lions, timu za mpira wa Kimarekani za miji hii, kwa sababu wikendi ya mechi bei za vyumba hupanda sana.

Pittsburgh, Jumapili hadi Jumanne

Kutoka uwanja wa ndege panda basi la 28X. Linapita katikati ya mji, kisha linaendelea hadi Oakland, mtaa wa vyuo vikuu na makumbusho. Nauli ni dola 2.75. Tumia kadi ya ConnectCard au programu ya simu, maana ukilipa taslimu hurudishiwi chenji wala hupati haki ya kuunganisha basi jingine ndani ya saa tatu. Lala katikati ya mji au Oakland. Mabasi ya namba 61 na 71 yanaunganisha sehemu hizo mbili mchana kutwa. Treni ya umeme, ambayo wenyeji huiita T, ni bure ukibaki kati ya stesheni ya First Avenue na ya Allegheny.

Jumapili nenda Cathedral of Learning, jengo la ghorofa 42 la Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Ndani yake kuna madarasa yaliyopambwa kwa mila za mataifa mbalimbali, likiwemo la Afrika lililofuata mfano wa ua wa Waasante wa Ghana. Siku za kazi wakati wa muhula vyumba hivyo vinafundishiwa, hivyo anayekwenda Jumatatu huishia kuchungulia mlangoni. Jumatatu iwe ya makumbusho ya Carnegie, umbali wa dakika chache kwa miguu.

Jumanne panda mlima. Kuna vibehewa viwili vinavyovutwa kwa kamba za chuma kwenda Mount Washington: Monongahela Incline wa mwaka 1870 na Duquesne Incline wa 1877. Anza na Monongahela, kwa sababu kituo chake cha chini kiko jirani na stesheni ya T ya Station Square. Juu, tembea Grandview Avenue kama kilomita moja na nusu. Chini yako utaona mito ya Allegheny na Monongahela ikikutana na kuzaa mto Ohio, na madaraja ya manjano yakiwa yamepangana. Ukifika kituo cha juu cha Duquesne, omba kuona mashine. Gurudumu kuu la kuvuta bado lina meno ya mbao yaliyochomekwa mojamoja kwenye chuma, na bado linafanya kazi. Usishukie hapo ukitarajia stesheni: kituo cha chini kimekaa kando ya West Carson Street, barabara ya magari yaendayo kasi. Rudi kwa miguu ulikotoka.

Tahadhari moja kuhusu ramani ya simu. Mji una ngazi za umma zaidi ya 700, na baadhi zina hadhi ya mtaa, na kibao cha jina juu. "Mtaa" ulioelekezwa unaweza kuwa vidato mia vya kupanda na begi mkononi.

Jumatano: gari

Treni kati ya Pittsburgh na Cleveland huondoka karibu usiku wa manane na kukufikisha mnamo saa tisa usiku, kwa hiyo isahau. Kodi gari Jumatano asubuhi na ulirudishe uwanja wa ndege wa Detroit. Uliza kwanza ada ya kurudisha mji mwingine, na ada ya ziada kwa dereva aliye chini ya miaka 25. Cleveland ni kilomita 215 hivi. Barabara za kulipia za Pennsylvania hazipokei pesa taslimu. Kamera hupiga picha namba ya gari, bili inakwenda kwa mwenye gari, naye anakuongezea ada yake. Weka ramani ikwepe barabara za kulipia.

Cleveland

Kati ya yote mitatu, huu ndio mji unaodharauliwa zaidi isivyostahili, na ndio wa kuupa muda. Lala karibu na njia ya treni ya Red Line, nauli dola 2.50. Inatoka uwanja wa ndege, inapita West 25th penye soko, Tower City katikati ya mji, kisha University Circle penye makumbusho. Gari liache hotelini. Katikati ya mji hupoa ofisi zikifungwa, na mgeni huona upweke akadhani ni hatari. Chakula cha jioni kitafute Ohio City, Tremont au Little Italy, ambako watu wapo.

Jumba la sanaa la Cleveland, lililofunguliwa mwaka 1916, halina kiingilio. Kabla ya kuingia, simama mbele ya sanamu ya mchongaji Rodin ya mtu aliyezama katika mawazo. Tarehe 24 Machi 1970 ililipuliwa kwa bomu usiku. Jumba liliamua kutoitengeneza: nyayo hazipo, na shaba ya chini imepasuka na kujikunja kwa nje. Ndani, usikose mchoro wa Caravaggio wa kusulubiwa kwa Mtakatifu Andrea.

Alhamisi, soko likiwa limefungwa, nenda mbuga ya taifa ya Cuyahoga Valley, nusu saa kusini. Haina kiingilio. Anza na maporomoko ya Brandywine, ya mita 18 hivi, na uwe umefika kabla ya saa tatu asubuhi kwani maegesho ni madogo na hujaa. Kisha kodi baiskeli kijijini Peninsula ufuate Towpath Trail, njia tambarare ya kando ya mfereji wa zamani, ambako nyumbu waliburuta mashua.

Ijumaa asubuhi ni ya soko. Jengo ni la mwaka 1912. Nyama, jibini na mikate viko ndani, matunda na mboga kwenye banda la nje. Matunda ya bei ya chini sana nje yameiva mno, yanafaa kuliwa siku hiyohiyo. Panda roshani ya ndani uone dari ya vigae, na beba pesa taslimu.

Ukija majira ya baridi, jua kwamba upepo baridi huzoa unyevu wa ziwa Erie na kuumwaga kama theluji, zaidi upande wa mashariki. Lala magharibi.

Detroit

Kwenda Detroit, fuata barabara namba 2 kupitia Sandusky hadi Toledo badala ya ile ya kulipia. Jumamosi Eastern Market mapema, halafu tramu ya bure ya QLine kwenye Woodward hadi Detroit Institute of Arts. Wakazi wa kaunti tatu za hapo huingia bure, mgeni hulipa. Lipa bila kusita. Michoro 27 ya ukutani ya Diego Rivera, ya mwaka 1932 na 1933, inazunguka ukumbi mzima. Anza ukuta wa mashariki, mtoto aliyejikunja ndani ya kiini cha mmea, kisha kaskazini, ambako mafundi wa Ford wanaunda injini ya V8. Tiketi ya Motown Museum, makumbusho ya kampuni ya muziki ya Motown, ina saa maalumu na huisha mapema, hivyo inunue mtandaoni kabla ya kuondoka nyumbani.

Jumapili jaza tangi kabla ya kufika uwanja wa ndege, upige picha mita ya mafuta na pande zote nne za gari, na usubiri stakabadhi ya kurudisha kabla ya kukabidhi ufunguo.