Namna ya Kuifuatilia Kazi ya Katharine Hepburn kwa Kuanzia Jukwaani

Wapenzi wengi wa sinema wanaotaka kumfahamu Katharine Hepburn, mwigizaji wa Marekani, huanza na tuzo zake. Wanatafuta filamu nne zilizompatia Oscar, idadi ambayo hakuna mwigizaji mwingine, mwanamume wala mwanamke, ameifikia kwa uigizaji, kisha wanadhani wamemaliza. Njia hiyo ina kasoro moja kubwa, kwa kuwa tuzo ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1933 na ya pili ya mwaka 1967. Katikati kuna miaka 34 ambayo ndiyo iliyomfinyanga, na sehemu kubwa ya ufinyanzi huo haikufanyika mbele ya kamera bali katika kumbi za michezo ya kuigiza. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine: kila unapotazama filamu yake, jiulize alitoka jukwaa gani kabla ya kuifikia.

Chukua daftari na uligawe kila ukurasa safu mbili, ya kushoto kwa ajili ya filamu na ya kulia kwa ajili ya jukwaa. Andika miaka kuanzia 1928, alipohitimu Chuo cha Bryn Mawr na kujiunga na kundi la maigizo la Edwin Knopf mjini Baltimore, hadi 1994, alipoonekana katika filamu ya sinema kwa mara ya mwisho. Daftari hili litakufaa kuliko wasifu wowote uliochapishwa, kwa sababu utaona kwa macho yako kwamba kila safu ya kushoto ilipokauka, ya kulia ilikuwa inachemka.

Kuhusu utoto wake, soma kiasi tu, lakini usome kwa uangalifu. Alizaliwa Hartford, Connecticut, tarehe 12 Mei 1907. Baba yake alikuwa daktari wa mfumo wa mkojo, na mama yake alikuwa mmoja wa viongozi wa harakati za kudai haki ya wanawake kupiga kura katika jimbo hilo, kwa hiyo ile hali ya kutomwogopa mtu unayoiona katika wahusika wake aliinyonya nyumbani. Ukikuta mahali pameandikwa kwamba alizaliwa tarehe 8 Novemba, usidhani ni kosa la mpiga chapa. Hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya kaka yake Tom, ambaye Katharine mwenyewe alimkuta amekufa mwaka 1921. Aliichukua tarehe ya marehemu ikawa yake kwa miongo mingi, na ni katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1991 ndipo alipoeleza ukweli. Mtu aliyeweza kulinda huzuni yake kwa namna hiyo lazima asomwe kwa subira. Anachokinyamazia kina uzito sawa na anachokisema.

Sasa anza kutazama, lakini usianze na filamu ya kwanza. Anza na Stage Door ya mwaka 1937, na kabla ya kuiwasha, jaza safu ya kulia. Desemba 1933, akiwa bado na sifa za Morning Glory, filamu ambayo miezi michache baadaye ingempatia Oscar yake ya kwanza, Hepburn alipanda jukwaa la Broadway, eneo la kumbi kuu za maigizo mjini New York, katika mchezo uitwao The Lake chini ya mwongozaji Jed Harris. Wahakiki walimshambulia vikali, na mchezo ukafungwa Februari 1934 baada ya yeye kulipa fedha zake ili asipelekwe nao miji mingine. Ilikuwa aibu ya hadharani. Ndani ya Stage Door anaigiza binti tajiri anayetaka kuwa mwigizaji wa jukwaani, na mchezo anaoufanyia mazoezi una maneno yaliyotoka katika The Lake yenyewe, ile sentensi kuhusu maua yaliyochanua tena. Isikilize kwanza katika mazoezi, anapoitamka kwa ukavu kama mtu anayesoma tangazo. Kisha isikilize usiku wa ufunguzi, baada ya mwenzake kujiua, inapomtoka ikiwa imebeba msiba. Sauti ni ileile na maneno ni yaleyale. Rudia sehemu hizo mbili hata mara tatu, kwa maana hapo ndipo utakapojifunza kumsikiliza, na kwa maoni yangu hakuna sehemu nyingine katika kazi yake yote inayofundisha zaidi ya hiyo.

Baada ya hapo fuata filamu tatu kwa mpangilio: Bringing Up Baby na Holiday za mwaka 1938, kisha The Philadelphia Story ya mwaka 1940. Katika ya kwanza, mwongozaji Howard Hawks aliona kwamba Hepburn anajitahidi mno kuchekesha, akamwita mchekeshaji mkongwe wa jukwaani, Walter Catlett, amwonyeshe namna ya kuigiza mambo ya kipuuzi kwa uso wa mtu aliye makini kabisa. Catlett mwenyewe utamwona humo kama konstebo. Holiday nayo ina historia inayofaa safu zote mbili. Mwaka 1928 Hepburn alikuwa mwigizaji wa akiba katika mchezo huo Broadway, akijifunza nafasi nzima kwa ajili ya siku ambayo Hope Williams angeugua. Mwaka 1932, alipopigwa picha za majaribio ili aajiriwe Hollywood, alichagua kuigiza sehemu ya mchezo huohuo, na mwongozaji George Cukor akavutiwa na jinsi alivyoiinamia bilauri iliyokuwa sakafuni huku ameipa kamera mgongo. Kwa hiyo unapomtazama katika filamu ya 1938, unamtazama mtu aliyeishi na mhusika huyo kwa miaka kumi.

Hata hivyo mwaka huohuo wamiliki wa kumbi za sinema walilipia tangazo lililowataja baadhi ya nyota, wakiwamo Greta Garbo, Joan Crawford na Hepburn, kuwa ni sumu kwa mauzo ya tiketi. Alilipa fedha ili aachiliwe kutoka katika mkataba wake na studio ya RKO, akarudi Connecticut, na mwezi Septemba kimbunga kikaibomoa nyumba ya familia huko Fenwick. Andika hayo kushoto, kisha upande wa kulia andika Machi 1939, Ukumbi wa Shubert, New York. Mwandishi Philip Barry alikuwa amemtungia mchezo wa The Philadelphia Story, na Hepburn alikubali sehemu ya mapato badala ya mshahara. Haki za filamu alikuwa amezipata kabla pazia halijafunguliwa, kwa msaada wa tajiri Howard Hughes, na alipoziuza kwa studio ya MGM aliweka sharti la kuwa na sauti katika uchaguzi wa mwongozaji na waigizaji wenzake. Unapotazama mwanzo wa filamu, pale Cary Grant anapomsukuma usoni akaanguka chali, fahamu kwamba yeye ndiye aliyeimiliki hadithi hiyo. Alijua hadhira imemchukia kwa kiburi, akawapa kwanza walichotaka kukiona, kisha kwa muda uliobaki akawarudisha upande wake.

Kundi linalofuata litawagusa zaidi wasomaji wa ukanda wetu. Mwaka 1950 aliigiza Rosalind, mhusika mkuu wa mchezo wa Shakespeare uitwao As You Like It, huko New York, baada ya mafunzo marefu na mwigizaji mkongwe Constance Collier. Mwaka uliofuata alikwenda Kongo na Uganda na mwongozaji John Huston na mwigizaji Humphrey Bogart kutengeneza The African Queen, hadithi inayoanza Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Meli ya Wajerumani katika hadithi hiyo ilitokana na ile halisi iliyoitwa Graf von Götzen, ambayo Kigoma inaifahamu kwa jina la Liemba. Wapigapicha walifanya kazi kwenye mto Ruiki na maeneo ya Ziwa Albert, na Hepburn akaugua vibaya kuhara kwa sababu ya maji aliyokunywa. Katika filamu hii tazama tabasamu. Huston alimshauri amchukue Eleanor Roosevelt kuwa mfano, mwanamke anayetabasamu kijamii hata moyo ukiwa mzito, na Hepburn alisema baadaye kwamba huo ulikuwa ushauri bora wa kiuongozaji aliowahi kupewa. Tazama pia sehemu ya chai mwanzoni, tumbo la Bogart linapokoroma mezani naye Hepburn anajitahidi kutosikia. Wakati huohuo usijidanganye kwamba Waafrika walioonekana humo walipewa nafasi ya kuwa watu kamili; hawakupewa, na mtazamaji wa kwetu ana haki ya kuliona hilo bila kuacha kuheshimu uigizaji.

Filamu tisa alizocheza na mwigizaji Spencer Tracy, kuanzia Woman of the Year ya 1942, zinajulikana mno na sitazirefusha. Chagua Adam's Rib ya 1949, kisha ruka moja kwa moja hadi Guess Who's Coming to Dinner ya 1967. Tracy alifariki Juni 1967, siku chache tu baada ya kumaliza sehemu zake, na Hepburn alisema hakuwahi kuitazama filamu hiyo. Katika hotuba ya mwisho ya Tracy mwangalie Hepburn nyuma yake, machozi yakimlengalenga. Miaka ya hamsini, kati ya filamu moja na nyingine, jaza safu ya kulia: ziara ya Australia ya 1955 na Old Vic, kundi la maigizo la London, kisha Shakespeare tena huko Stratford, Connecticut, mwaka 1957 na 1960. Bila mazoezi hayo ya sentensi ndefu, asingeweza kuibeba Long Day's Journey Into Night ya 1962 wala The Lion in Winter ya 1968.

Akiwa na umri wa miaka 62 aliimba Broadway katika mchezo wa muziki Coco, ilhali hakuwa mwimbaji. Kuanzia hapo utaona kichwa kikitetemeka. Ni ugonjwa wa mtetemeko aliokuwa nao, na hakuacha kazi kwa ajili yake. Katika On Golden Pond ya 1981 mtetemeko huo upo wazi, naye haufichi wala haufanyi kuwa tukio.

Mwisho, tenga siku moja kwa ajili ya kazi mbili tu, zote chini ya mwongozaji Cukor: A Bill of Divorcement ya 1932, iliyokuwa filamu yake ya kwanza, na The Corn Is Green ya 1979, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni. Zima picha kwa dakika kumi za mwanzo katika kila moja, usikilize sauti peke yake, kisha uzitazame zote mbili mfululizo huku daftari likiwa wazi mbele yako.