Somo: Mazoezi ya moyo kwa mtu mzima mwenye Down, tunavyofanya mimi na Kulwa

Mimi ni Doto, na Kulwa ni pacha wangu. Yeye amezaliwa na sindromu ya Down, yaani ana kromosomu moja ya ziada, mimi sina. Mwaka huu tumetimiza miaka 31. Nautaja umri mapema kwa sababu ndio uliotuponza.

Nilimpeleka jim moja hapa Mwanza. Kocha akapiga ile hesabu ya kila siku: 220 toa umri, inabaki 189, asilimia 70 yake ni 132. Mapigo ya moyo yasipofika hapo, kwake hilo si zoezi. Kulwa hakufika, akaitwa mvivu mbele za watu. Aliporudi nyumbani alivua raba akazisukumia uvunguni.

Kesho yake tukapanda kilima cha Bugando bega kwa bega. Juu nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu sekunde 15 kwenye simu: 32, yaani 128 kwa dakika. Nikajihesabu na mimi: 36, yaani 144. Mimi nilikuwa bado napiga porojo. Yeye jasho linamchuruzika, ananijibu neno moja moja. Tumezaliwa siku moja, tumepanda mlima mmoja, lakini mwenye mapigo machache ndiye aliyechoka zaidi.

Sababu haiko kwenye uvivu. Kwa watu wengi wenye Down, mishipa ya fahamu inayouchochea moyo wakati wa kazi haiuchochei kwa nguvu kama kwetu, na adrenalini, homoni inayouharakisha moyo, nayo haipandi sana. Dari ya mapigo inakuwa chini kuliko yetu kwa mapigo 20 hadi 30 hivi kwa dakika, hata kwa mtu ambaye moyo wake umepimwa ukaonekana mzima. Kwa hiyo ile 220 iacheni.

Hatua ya 1: Hospitali kwanza

Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, mara nyingi tundu kati ya vyumba vyake. Wengi wa rika letu hawakuwahi kupimwa. Hata aliyeambiwa utotoni kwamba ni mzima, valvu, vile vilango vya ndani ya moyo, zinaweza kuanza kuvuja ukubwani. Ombeni kipimo cha eko, ile ultrasaundi ya moyo. Kulwa alifanyiwa hospitali ya Bugando, akalala kwa ubavu dakika chache, hakuna sindano.

Siku hiyo hiyo ulizieni tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ambayo kwao hulegea mara kwa mara na kumfanya mtu mzito na mchovu. Na shingo. Pingili mbili za juu kwa baadhi yao hazijakaza sawasawa. Akianza kuyumba akitembea, mikono kufa ganzi, shingo kuuma au mkojo kumtoka, simamisheni kila kitu muende kwa daktari. Hata asipokuwa na dalili hizo, sarakasi na kusimama kwa kichwa hatufanyi.

Hatua ya 2: Pimeni kwa mdomo

Mwendo unaofaa ni ule ambao bado anaweza kukwambia sentensi fupi lakini hawezi kuimba. Kama Kulwa anaimba, naongeza mwendo. Akiacha kunijibu, napunguza. Kama ndugu yako haongei sana, muangalie mabega na pumzi, na umjue akiwa ametulia ni mtu wa namna gani.

Hatua ya 3: Kutembea

Tulianza na dakika 10, siku tatu kwa wiki, barabara ya Capri Point asubuhi kabla jua halijachoma. Kila baada ya wiki mbili tuliongeza dakika tano. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wenye ulemavu wakiwemo, wafikishe dakika 150 kwa wiki. Sisi ilituchukua miezi mitano, na wiki za masika tulirudi nyuma.

Viatu visiwe ndala. Kano zao ni legevu, nyayo nyingi ni bapa, na mawe ya Mwanza mnayajua. Mkimaliza msisimame ghafla, tembeeni polepole dakika tano, maana presha yao mara nyingi iko chini na kizunguzungu kinakuja haraka.

Hatua ya 4: Nguvu, mara mbili kwa wiki

Chupa mbili za maji za nusu lita, mkazijaze mchanga mkavu. Kila moja inakaribia robo tatu ya kilo. Anainua hadi mabegani mara nane, anapumzika, anarudia. Kisha anakaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, na kusukuma ukuta. Ahesabu kwa sauti, maana anayehesabu hazuii pumzi. Msimvute mikono eti anyooke zaidi. Kunyooka wanako kwa kuzidi, kinachokosekana ni msuli wa kushikilia kiungo.

Hatua ya 5: Ngoma

Hapa ndipo Kulwa anaponishinda. Tunaweka bugobogobo, ngoma ya Kisukuma ya majembe, anachukua jembe la mpini mfupi, na dakika 20 zinakwisha mimi nimeshika kiuno. Siku ya ngoma ndiyo siku ambayo sijawahi kumbembeleza, na ndiyo iliyozitoa zile raba uvunguni. Kama ndugu yako anapenda kwaya au singeli, wekeni hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Sengerema: Mwanangu Doto, wangu ana miaka 24, hakupasuliwa moyo. Akipanda ngazi midomo inageuka bluu. Nianze na dakika tano?

Doto: Shikamoo mama. Usianze hata na mbili. Midomo ya bluu inaweza kuwa tundu la zamani limeharibu mishipa ya mapafu, na hapo kujikaza ni hatari. Mpeleke hospitali ya rufaa wiki hii, umweleze daktari hilo la ngazi kwanza kabla ya jingine lolote.

Kaka wa Igoma: Atapungua kilo ngapi?

Doto: Kaka, kwa kutembea peke yake usitegemee sana. Kulwa ametoa kilo moja tu. Lakini kilima kile kile sasa anapanda bila kusimama, zamani alisimama mara tatu. Kilo ziko zaidi kwenye soda na maandazi, na huko nyumbani kwetu vita bado inaendelea.

Mwanachama wa Ukerewe: Mwangaluka dada. Sisi ziwa liko mlangoni. Kuogelea je?

Doto: Mwangaluka. Maji yanabeba viungo vizuri, ila ziwani kuna kichocho, na kurukia maji kwa kichwa kwa shingo zao ni marufuku. Mkipata bwawa lililotibiwa, na mtu wa kuwa naye majini muda wote, sawa.

Dada wa Buhongwa: Mdogo wangu anakaa chini katikati ya njia, hataki kuinuka. Watu wanatucheka.

Doto: Kulwa alifanya hivyo mwezi mzima. Nilikuja kugundua sikuwa nimemwambia tunaishia wapi. Sasa namtajia: tunafika kwa muuza machungwa, tunageuka. Anafika. Lakini kama amekaa huku anahema au ameshika kifua, huo si ukaidi. Rudi hatua ya 1.

Kaka wa Magu: Wangu anaamka amechoka tayari, kabla hata hatujatoka.

Doto: Anakoroma? Pumzi inakatika halafu anashtuka? Kwao hilo ni la kawaida sana, na linauchosha moyo usiku kucha. Mrekodi kwa simu akiwa usingizini, nusu saa inatosha, uende na hiyo sauti kwa daktari. Mazoezi yasubiri majibu.