SOMO: Kupiga picha ya ateri za mguu kwa hewa ukaa, mgonjwa wa figo

Wakuu, mnamjua mgonjwa huyu: kisukari cha miaka, kidonda cha dole gumba hakifungi, ateri za mguu zimeziba, na eGFR, kipimo cha uwezo wa figo kuchuja damu, iko chini ya 30. Mguu unataka puto la kuzibua ateri, puto linataka picha, na dawa ya rangi yenye ayodini, ile inayoonyesha mishipa kwenye eksirei, inaweza kuzimaliza figo zilizobaki. Hapo ndipo hewa ukaa inaposaidia, ile ile ya povu la soda. Haidhuru figo, haileti mzio, nayo huyeyuka kwenye damu ikatolewa na mapafu. Irvin Hawkins wa Florida ndiye aliyefungua njia hii miaka ya 1970.

1. Anza na ultrasaundi ya dopla, inayoonyesha damu inavyopita, ujue pa kulenga. Uliza habari za mapafu na tundu la moyo. Mtu wa usingizi asitumie nitrasi oksaidi, gesi ya usingizi, hupanua mapovu.

2. Hapa kaeni kidogo. Mtungi wa gesi usiunganishwe moja kwa moja na katheta, mrija mwembamba unaoingia kwenye mshipa, kwani shinikizo lake ni kubwa mno. Tumia mfumo uliofungwa wenye vali za njia moja, na uusafishe kwa hewa ukaa mara kadhaa kabla ya kuanza. Hewa ya chumbani nayo haina rangi, haina harufu. Ikiingia bombani huwezi kuiona, na yenyewe haiyeyuki upesi.

3. Toa kwanza maji yaliyo ndani ya katheta kwa hewa ukaa kidogo. Ukiruka hatua hii, gesi hujibana nyuma ya maji kisha hufyatuka. Kwenye aota, ateri kuu ya mwili, piga mililita 30 hadi 50, pajani 10 hadi 20. Subiri dakika 2 au 3 kabla ya kurudia.

4. Inua mguu. Gesi huelea, itaufuata.

5. Chini ya goti picha huwa hafifu. Usione haya kuongeza rangi kidogo iliyozimuliwa. Mililita chache si sawa na mia.

Kupiga gesi hii kwenye ateri za juu ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, MARUFUKU. Ubongo na moyo havivumilii mapovu.

MASWALI

Mama Neema: Daktari, baba yangu ataumia?

Mama, anaweza kusikia mguu ukiwaka au kubana kwa sekunde chache. Mwambieni mapema, akishtuka na kusogea picha inaharibika.

Mwanafunzi wa radiolojia: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusitumie gadolinia, ile dawa ya picha za MRI, badala ya ayodini?

Marahaba. Kwa figo zilizochoka, baadhi ya aina zake zimesababisha ngozi na viungo kukakamaa. Si njia ya mkato.

Muuguzi wa wodi: Mgonjwa akishika tumbo ghafla mezani?

Acheni kupiga gesi. Huenda imekwama kwenye mshipa wa utumbo; mgeuzeni ubavu huu na huu iachie. Presha ikishuka, mlazeni ubavu wa kushoto, mpeni oksijeni, na mwiteni daktari hapo hapo.