Pikipiki ya Zamani Iliyofunguliwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuinunua na Kuijenga Nyumbani

Kila pikipiki inayouzwa ikiwa vipande vipande ina mahali ambapo mtu alikwamia. Pengine ni hesi ya plagi iliyolika, pengine ni spea aliyoihangaikia miaka miwili asiipate, pengine ni maradhi, kuhama nyumba au fedha kukata. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza alikwamia wapi. Muuzaji mkweli atakinyanyua kitu chenyewe akuonyeshe. Akisema hajui, kwa kuwa naye aliinunua ikiwa vivyo hivyo kwenye maboksi, hilo nalo ni jibu zito: mtu huyo hajawahi kuiona ikiwa nzima, na hawezi kukuapia kwamba vipande vyote vilitoka kwenye pikipiki moja.

Mimi nazipenda sana pikipiki hizi, na inaniuma kuona nzuri ikipita mikononi mwa wamiliki watatu huku kila mmoja akipoteza boksi moja njiani. Haya ninayoyaandika ni ya kufanya kabla ya kulipa, na kabla ya kushika spana.

Anza na namba na karatasi, kwa sababu hapo hakuna ufundi utakaokuokoa. Namba ya fremu kwa kawaida imepigwa kwenye shingo ya usukani au karibu nayo, na ya injini kwenye krenkikesi, yaani lile ganda la chini linalobeba krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Nenda na tochi na kitambaa chenye mafuta ya taa, ufute uchafu taratibu. Tazama kama herufi zote zina kina kimoja, na kama kuna alama za kusaga chini yake. Usishtuke namba ikiwa fupi: mpangilio wa herufi na tarakimu 17 tunaouona leo ulianza kulazimishwa Marekani kwa magari na pikipiki za mwaka 1981, hivyo za zamani zaidi zina mpangilio wa kiwanda chake. Injini ya mwaka mwingine ndani ya fremu si dhambi, mradi unalijua hilo na bei inalijua. Lakini fremu isiyo na hati ya umiliki ni chuma tu mpaka mamlaka ya usajili ya nchi yako ikuambie vinginevyo. Waulize kabla ya kulipa.

Kuna vitabu viwili vya kutafuta: kitabu cha fundi na kitabu cha spea. Watu hukimbilia cha kwanza. Kwa pikipiki iliyo kwenye maboksi, cha pili ndicho kinachokuokoa, kile chenye michoro inayoonyesha kila washa na kila pini ilivyopangana na mwenzake. Chapisha kurasa zake, nenda nazo, mwombe muuzaji mtandike turubai chini na kumwaga kila kitu. Kisha pigieni alama kimoja kimoja. Inachukua nusu siku. Muuzaji asiyekubali kukupa nusu siku, mwachie maboksi yake.

Katika hesabu hiyo, jua kutofautisha kinachopatikana na kisichopatikana. Beringi hazinitishi hata kidogo, kwa kuwa nyingi ni za vipimo vya dunia nzima: iliyoandikwa 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje 47 na unene 14, awe nani aliyeitengeneza. Pistoni, ringi, sili, gasketi, kebo na cheni za modeli zilizouzwa kwa wingi bado zinatengenezwa. Vinavyokwamisha watu ni vile ambavyo hakuna anayevifikiria: tangi, vifuniko vya pembeni, saa ya mwendo, bomba la moshi la asili, vishikizo vidogo vya bati, na yale mabomba mafupi yanayokaa kwenye ekseli kati ya gurudumu na fremu. Bomba hilo la urefu wa kidole likikosekana, gurudumu halikai katikati, na fundi wa kukereza hawezi kulichonga kama hajui urefu wake. Ndiyo maana tangi zuri kwenye maboksi lina thamani kuliko pistoni mpya zilizo bado kwenye karatasi yake, hata kama muuzaji anajivunia zaidi hizo pistoni.

Sasa injini. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Niliwahi kununua injini iliyokuwa imefunguliwa yote, kila kitu kikiwa safi na kimepangwa vizuri. Nikaagiza beringi, gasketi na sili. Nilipofunga pande mbili za krenkikesi, krenki ikawa nzito, haizunguki ila kwa kulazimishwa. Nikafungua, nikafunga tena, nikidhani beringi haijakaa. Siku ya tatu nikazigeuza zile pande juu chini na kuona kwa chini zimegongwa namba ndogo, kila upande na yake, nazo hazikufanana. Upande mmoja ulikuwa wa injini nyingine. Kiwandani pande hizi huchongwa zikiwa zimefungwa pamoja, ili matundu ya beringi yakae kwenye mstari mmoja, kwa hiyo kushoto kwa injini hii na kulia kwa injini ile havioani, hata kama vinafanana machoni. Ningezigeuza siku ya kununua ningegundua kwa nusu dakika. Vivyo hivyo kwa injini zenye kamshafti, ile shafti inayofungua vali, juu ya hedi, yaani kichwa cha silinda: vile vikombe vinavyoishikilia kamshafti vimechongwa pamoja na hedi yake. Vikikosekana, hedi hiyo ni ya kutupa au ya kumpelekea bingwa wa kukereza.

Shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, uivute na kuisukuma juu na chini kwa mstari wa urefu wake. Ikicheza na kutoa mlio, beringi yake imekwisha. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Pitisha ukucha ndani ya silinda kutoka chini kwenda juu: karibu na mwisho utakutana na ngazi ndogo mahali ringi zilipokomea, na kadiri ukucha unavyonasa ndivyo silinda ilivyolika. Kisha soma kichwa cha pistoni. Ukiona 0.50 au 1.00 imepigwa hapo, silinda ilishapanuliwa kwa kiasi hicho cha milimita. Ikiwa ni saizi ya mwisho kwenye kitabu, itabidi kuwekwa bomba jipya ndani ya silinda, na hilo liingie kwenye mazungumzo ya bei. Geuza krenkikesi utazame pale cheni inapozungukia gia ndogo. Cheni ikikatika hujikunja hapo na kupasua ganda, kwa hiyo alama ya kuchomelea sehemu hiyo ni ya kuangaliwa kwa makini.

Kwa injini za tustroki, sili za krenki usizijadili, badilisha. Zikikauka huvuta hewa, mchanganyiko unapungua petroli, joto linapanda, pistoni inatoboka ukiwa barabarani.

Mabomba ya fokasi ya mbele, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, yapime kwa kioo: laza bomba juu ya kioo kinene, liviringishe kwa vidole viwili huku umeinamisha jicho usawa wa kioo. Lililonyooka linateleza kimya. Lililopinda linagonga-gonga, na mwanga utauona ukifunguka na kujifunga chini yake. Likipinda, rudi kwenye fremu, upapase chini ya shingo kutafuta mkunjo au rangi iliyojikunyata, maana kilichopindisha bomba huenda kilifika na huko.

Jambo lingine la kujua mapema ni pikipiki imetoka wapi, kwa ajili ya vifaa. Nyingi za Uingereza, kabla ya viwanda vyake kuanza kuhamia hesi za Unified, kipimo kingine cha inchi, kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, zilitumia hesi za Whitworth na jamaa zake, na spana zake ni za peke yake. Joseph Whitworth alipendekeza kipimo chake mwaka 1841, hesi zenye pembe ya nyuzi 55, wakati za Unified na za metriki zina nyuzi 60. Hatari ni hii: boliti ya robo inchi ya Whitworth na ya robo inchi ya Unified yenye hesi nene zote zina hesi 20 kwa inchi. Moja itaingia kwenye njia ya nyingine, itakaza, utaridhika, kumbe zinashikana kwa sehemu tu. Boksi la boliti zilizochanganywa ni la kuchambuliwa kwa kipimo cha hesi kabla hata moja haijarudishwa mahali.

Za Japani ni metriki, lakini skrubu zake za msalaba zina umbo lake. Bisibisi ya kawaida ya msalaba hupanda juu na kulamba kichwa. Tafuta bisibisi za JIS, yaani za kipimo cha viwanda vya Japani, pamoja na ile bisibisi ya kugongwa kwa nyundo inayozunguka kila unapoigonga. Vifaa vingine ni vya kawaida: mikromita, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na vifaa vya kuvutia klachi na magineto, lile gurudumu la sumaku kwenye ncha ya krenki, vya modeli yako. Usivute magineto kwa kupiga patasi. Wapo waliofanya hivyo, na kingo zilizovunjika za magineto ndizo unazoziona kwenye maboksi.

Umeme unaweza kuupitia haraka, isipokuwa mambo mawili. Hakikisha kama ni volti 6 au 12. Na pikipiki nyingi za zamani za Uingereza zina chanya ndiyo iliyoungwa na fremu, si hasi. Ukifunga betri kwa mazoea utaunguza rektifaya, kile kifaa kinachougeuza umeme wa injini ufae kuchaji betri, siku ya kwanza.

Mahali pa kazi pawe pakavu, pa kufungwa kwa kufuli, pasipo na jiko wala hita ya gesi, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini mpaka uukute moto. Weka kizimamoto cha unga au povu karibu na mlango, si nyuma ya meza. Tangi lililowahi kubeba petroli lisiguswe na moto wa kuchomelea, hata kama limekaa wazi miaka kumi, mpaka lipite kwa mtu anayejua kulisafisha na kuliondolea mvuke. Breki shu, sahani za klachi na gasketi za enzi zile nyingi zilikuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi la breki usilipulize kwa hewa wala kwa mdomo. Liloweshe, lifute kwa kitambaa chenye maji, ufunge kitambaa kwenye mfuko. Na dawa za kusafishia breki zenye klorini zisikaribie chuma kitakachochomelewa, maana joto hilo huigeuza kuwa fosjini, gesi inayoua.

Kuhusu fedha nitasema moja tu. Orodhesha kazi ambazo huwezi kuzifanya mwenyewe, yaani kukereza, kupanua silinda, kromu, rangi na kusuka spoki, uombe makadirio ya kila moja kabla ya kununua. Kwa mradi wa namna hii, hizo pamoja huizidi bei ya maboksi kwa urahisi, na hapo ndipo wengi wanaouza walipokwamia.

Ukishaileta nyumbani, usioshe kitu kwanza. Uchafu una habari: alama ya grisi inaonyesha washa ilikaa upande gani, gasketi ya zamani iliyoganda inaonyesha unene wake. Piga picha, kisha funga kila shimu, ile washa nyembamba ya kurekebisha nafasi, kwa waya kwenye shafti yake. Skrubu za vifuniko vya injini zina urefu tofauti, kwa hiyo chora umbo la kifuniko kwenye kadibodi, toboa matundu, uichomeke kila skrubu mahali pake. Skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hupasua aluminiamu.

Halafu, kabla ya rangi na kromu, ifunge yote ikiwa chafu na yenye kutu: fremu, fokasi, magurudumu, ganda la injini hata likiwa tupu, tangi, bomba la moshi, kiti. Hapo ndipo lile bomba fupi la ekseli litajulikana halipo, na ndipo kishikizo kinachohitaji kuchomelewa kitachomelewa bila kuharibu rangi mpya. Ukizungushia matairi, soma tarehe ubavuni: tangu mwaka 2000 ni tarakimu nne, 2319 ikiwa na maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yenye tarakimu tatu ni ya karne iliyopita, yatumike kwa zoezi hili tu.

Mwisho vuta uzi kutoka nyuma ya tairi la nyuma, uupitishe pande zote mbili mpaka mbele, usawa wa katikati ya magurudumu. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele ikiwa sawa kulia na kushoto, na cheni ikienda moja kwa moja kutoka gia hadi gia, fungua tena kila kitu na upeleke fremu kwenye rangi.