Kosta ya zamani uliyoifanya nyumba: pa kuanzia ikigoma

Wakuu, watu wengi sasa hivi wananunua Toyota Coaster za zamani, wanang'oa siti, wanaweka kitanda, jiko la gesi, tenki la maji na sola juu, basi nyumba inatembea. Wazo zuri sana na kwa huku kwetu sioni gari inayofaa kuliko hiyo, spea zake unazipata Kariakoo na unazipata Tunduma, na kila mji una fundi aliyekulia chini ya kosta. Ila mtu akishamaliza kupamba ndani anasahau kwamba kule mbele kuna injini ya dizeli ya miaka 25, siku ikigoma anakubali kushusha pampu wakati tatizo ni kipande cha mpira cha bei ya soda.

Hapa naongelea zenye injini ya 1HZ, ile ya silinda sita, cc 4164, haina turbo, haina kompyuta. Kama yako ina 14B au 15B mengi yanafanana, tofauti kubwa ni kwamba hizo taiming yake (kinachofanya vali na pistoni ziende pamoja) ni ya gia na 1HZ ni ya belti, nitaigusa chini huko.

Kitu kimoja ukielewe kabla hujashika spana. Kosta ya daladala inapiga kazi kila siku, haina muda wa kuoza. Ya kwako inalala miezi nyuma ya nyumba, halafu ghafla inabebeshwa maji, mitungi, betri, friji na familia nzima inapelekwa Lushoto. Kwa hiyo magonjwa yake yanatokana na kulala na kubeba, kilometa sio ishu kivile. Ukitafuta tatizo anza na vitu vinavyoharibika kwa kukaa: dizeli, mipira, maungio ya umeme, breki. Pampu na injini yenyewe viwe mwisho kabisa.

Inawaka asubuhi halafu inazima

Hii ndio kesi namba moja. Unapiga stata, inawaka vizuri, inanguruma kidogo, inaanza kukohoa, kimya. Ukirudia inabidi upige stata mpaka betri inalia. Fundi wa haraka atakwambia pampu imekwisha. Subiri kwanza.

1HZ haina pampu ya umeme kwenye tenki. Pampu ya nozo, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda kupitia nozo, inavuta dizeli yenyewe kutoka nyuma, na kwenye kosta huo ni mwendo mrefu wa bomba na mipira. Sasa kwa sababu inavuta, mpira ukipasuka ufa mdogo hauvujishi dizeli chini, unaingiza hewa, ndio maana utazunguka chini ya gari na tochi hutaona hata tone. Gari ikilala usiku dizeli inarudi tenki, asubuhi inawaka kwa ile iliyobaki kwenye pampu, ikiisha inazima.

Kuhakikisha ni rahisi. Tafuta kipande cha mpira unaoonyesha ndani, ule mweupe wa kuvumilia mafuta, uweke kati ya filta na pampu, funga na klipu vizuri. Washa gari uangalie. Vipovu vikipita mfululizo kama soda, una hewa. Sasa ujue inaingilia wapi: chukua dumu safi lenye dizeli safi, ulining'inize juu kuliko injini, toa ule mpira unaotoka tenki pale unapoingia kwenye filta, na mahali pake unganisha mpira wa kwenye dumu. Usiruke filta hata siku moja. Piga ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, washa. Ikitulia na vipovu vikaisha, ubaya uko nyuma, kwenye mipira au bomba la kuvutia ndani ya tenki. Vipovu vikiendelea, angalia filta yenyewe, mpira wake wa kuziba, na hasa ile pampu ya mkono, kile kingozi cha ndani kikichoka kinanyonya hewa na watu wengi hawaikumbuki kabisa.

Mipira yote ya dizeli ikiwa ya zamani usibadilishe mmoja, badilisha yote siku hiyo hiyo pamoja na klipu. Na uwe mpira wa mafuta, sio wa maji, wa maji unavimba na kumomonyoka ndani halafu vipande vinaenda kuziba filta.

Kama haina hewa ila ikipanda mlima inakosa nguvu, ikirudi tambarare iko poa, shuku filta imeziba. Dizeli iliyokaa muda mrefu kwenye tenki nusu inapata maji ya unyevunyevu, na kwenye maji hayo vinaota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi. Fungua koki ya chini ya filta, kinga na chupa ya plastiki, iache itulie: maji yatakaa chini, dizeli juu. Ukiona ule utelezi, kubadilisha filta peke yake ni kujidanganya, tenki lishuke lioshwe.

Na dizeli iliyochakachuliwa na mafuta ya taa, aisee, hii pampu inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, haina oili yake. Mafuta ya taa hayana ulaini huo, pampu inasagika kimyakimya. Jaza sheli zenye foleni ya malori, na weka risiti.

Kuna nyingine ndogo: stata inapiga vizuri, hakuna hata moshi kidogo. Juu ya pampu kuna soleinoidi ya kufungulia dizeli yenye waya mmoja. Mtu mmoja awashe na kuzima swichi bila kupiga stata, wewe sikiliza, lazima isikike "tik". Haisikiki? Pima kama umeme unafika pale. Mara nyingi ni fyuzi au waya umelegea, na umehangaika nusu siku.

Hita plagi, ugonjwa ambao Dar huuoni

Gari inaweza kuishi Dar miaka na hita plagi (vile vijiti vinavyopasha silinda joto kabla ya kuwasha) nne zimekufa na usijue, joto la kule linaisaidia. Ipeleke Makambako au Njombe mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, ndio utaijua. Inapiga, inatoa moshi mweupe unaochoma macho, inawaka kwa silinda tatu, inatetemeka mpaka vyombo vinalia kabatini.

Kupima: toa lile bati linaloziunganisha, chukua taa ya kupimia, upande mmoja shika chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha kila plagi. Inayowasha taa iko hai, isiyowasha imekufa. Unaponunua mpya angalia volti, kwenye maduka za 1HZ zipo za 12 na za 24. Kosta nyingi za Japan ni volti 24. Ya 12 ukiiweka kwenye 24 inaungua mapema sana, ya 24 kwenye 12 inapata uvuguvugu tu.

Umeme: usiibe 12 kwenye betri moja

Hapa ndipo gari-nyumba nyingi zinaharibiwa na waliozitengeneza. Betri mbili zimeungwa moja nyuma ya nyingine kupata 24. Redio, taa za ndani na friji ni za 12, basi fundi anachukua waya katikati ya betri zile, anapata 12 yake, kila mtu anafurahi. Tatizo ni kwamba betri moja inafanya kazi mbili na nyingine moja, alteneta inazichaji kama vile ziko sawa, hivyo ile inayoibiwa haijai na ile nyingine inachajiwa kupita kiasi mpaka inachemka maji. Baada ya muda zote zimekufa na lawama anabeba muuza betri.

Pima kila betri peke yake asubuhi kabla ya kuwasha. Iliyojaa inasoma kama 12.6. Zikipishana, mfano moja 12.6 nyingine 12.1, kuna mtu kaiba katikati au betri moja inakufa. Dawa ni kifaa cha kushusha 24 kwenda 12, au bora zaidi nyumba iwe na betri zake peke yake zinazochajiwa na sola, na upande wa injini uachiwe kazi ya injini. Injini ikiwa inaunguruma upime tena, zote mbili kwa pamoja zisome karibu 27.5 hadi 28.5. Chini ya hapo angalia belti ya alteneta kabla hujaifungua.

Stata ikizunguka kivivu wakati betri nzima, nenda kwenye waya wa ethi, ule unaotoka betri kwenda chasisi na mwingine kutoka chasisi kwenda injini. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi. Na kila waya wa nyumba unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, sio kule mwisho kwenye swichi, waya ukichubuka katikati fyuzi ya mwisho haitakusaidia na wewe umelala na godoro juu yake.

Kuchemsha

Mlima Kitonga ndio mtihani wenyewe. Kosta tupu inapanda, yenye nyumba ndani ndio unaona mshale unaamka. Kwanza namna ya kuendesha: shusha gia mapema kabla injini haijalemewa, zima AC, na ukiona mshale unapanda fungua hita ya ndani feni mwisho, mtaoga jasho ila inasaidia kupunguza joto la injini. Ukisimama usizime hapohapo, iache isailensi kidogo (iungurume bila kukanyaga mafuta), na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka hosi ya juu iwe ya kushikika kwa mkono.

Sababu sasa. Rejeta kwa mbele inaonekana safi, ila kati ya rejeta na kondensa ya AC kumejaa vumbi, mbegu za nyasi na wadudu, osha kwa maji kutokea upande wa injini kwenda mbele, bila presha kali isije ikapinda yale mapezi. Feni nayo, injini ikiwa ya moto sana na feni bado inazunguka kilegevu, klachi ya feni, ile inayoishika izunguke na injini, imechoka. Na themostati, ile vali inayofungulia maji kwenda rejeta yakipata joto, mafundi wetu wanapenda sana kuitoa, wanasema "hii ya nchi za baridi". Ikitolewa injini inachelewa kupata joto lake, inakula dizeli, na mzunguko wa maji wenyewe unabadilika, kuna maji yanayopitia njia ya mkato bila kwenda rejeta. Weka mpya, orijino, na kulanti, sio maji ya bomba yenye chumvi.

Gari ikichemsha na ukaona vipovu havikomi kwenye rejeta, au hosi ya juu inakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha ikiwa baridi, hapo ndio gasketi ya hedi au hedi yenyewe (kile kipande cha juu kinachofunika silinda) imepasuka. Hapo usiendelee na safari, ita breakdown.

Belti ya taiming

Badilisha kila kilometa 100,000. Taa yake kwenye dashibodi inaweza kuzimwa bila belti kubadilishwa, kwa hiyo maneno ya aliyekuuzia weka pembeni. Kama hujui historia yake, badilisha leo pamoja na tenshena (inayokaza belti) na oili sili (mipira ya kuzuia oili) za pale mbele. Ikikatika njiani vali zinagongana na pistoni.

Moshi kwa haraka

Mweusi: hewa haitoshi au dizeli imezidi, anza na eakilina (filta ya hewa), halafu nozo. Wa bluu inakula oili. Mweupe asubuhi tu halafu unaisha, hita plagi au hewa. Mweupe usioisha na maji ya rejeta yanapungua, rudi kwenye hedi.

Breki na tairi

Kulikopanda kutashuka. Kama yako ina breki ya egzosi (inayoziba moshi ili injini ipunguze mwendo) ihakikishe inafanya kazi, wengine waya umekatika miaka na hawajui. Shuka na gia ile ile uliyopandia. Oili ya breki inanyonya maji ya hewani hata gari ikiwa imelala, badilisha kila miaka miwili, ikiwa na maji itachemka katikati ya mteremko na pedali itaenda chini bila kitu.

Tairi usiangalie meno, angalia umri: ubavuni kuna namba nne, 2317 maana yake wiki ya 23 mwaka 2017. Gari-nyumba tairi zinazeeka zikiwa na meno yote. Tairi pacha za nyuma, ile ya ndani ndio hakuna anayeipima upepo. Na pita mizani siku moja ukiwa umejaza kila kitu, lita 100 za maji ni kilo 100, na wengi wameziweka nyuma kabisa ya ekseli.

Ukiwa unaipaki muda mrefu

Jaza tenki la dizeli mpaka juu, hewa ikikosa nafasi na unyevu unakosa pa kukaa. Oili ibadilishwe kabla ya kulala, sio baada, oili chafu ina asidi. Usivute hendibreki, shuu zitaganda kwenye drami, weka magogo kwenye tairi. Chomoa waya wa ethi kwenye betri za injini. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe, na kumbuka gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa sakafuni, hivyo kabati la mtungi liwe na tundu chini linalotoka nje. Panda juu uangalie kuzunguka miguu ya sola, maji yanapoingilia ni hapo. Na usiiwashe dakika tano kila wiki ukidhani unaisaidia, injini haipati joto na unatengeneza maji kwenye oili. Kama una nafasi, mara moja kwa mwezi itoe barabarani iende mpaka mshale wa joto ukae mahali pake, gia zote zipite, breki zikanyagwe, ndio urudi uipaki.