Jiko la fundi cherehani: cha kupika nyumbani na cha kufuata nje

Futi kamba ndiyo iliyonisema. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, kabla ya zile wiki ambazo kila mtu anataka kanzu yake iwe tayari kwa Idi, nikajipima kiuno nijikatie suruali kutoka kitambaa kilichobaki. Nilijijua kuwa mtu wa inchi 34. Futi ikasoma 38. Nikavuta pumzi, nikapima tena: 37 na nusu. Mteja akinifanyia hivyo huwa namwambia, "Pumua kaka, suruali ni ya kukalia pia."

Tangu nibaki peke yangu katika chumba changu hapa Magomeni nilikuwa nakula chipsi mayai za kijana wa mbele ya duka, mchana na usiku. Mtaani tunaziita zege, na jina limestahili. Baada ya ile futi nikafungua kurasa za nyuma za daftari la vipimo, nikaandika kila shilingi ya chakula kwa mwezi mzima. Ilizidi kodi ya chumba. Na katika sahani zote hizo hakuna hata moja niliyoweza kuikumbuka.

Siku hizi nina utaratibu, nao ndio nataka kukupa. Nyumbani napika vitu vichache ambavyo nimeshavijua tabia zake. Nje nafuata kile tu ambacho jiko langu la mtungi wa kilo 6 haliwezi.

Vyombo

Usinunue seti. Mimi nilinunua ya sufuria saba, na leo tatu kati yake zinatunza vifungo na zipu. Unahitaji sufuria mbili zenye mifuniko inayokaa sawasawa, mwiko, kisu kimoja chenye makali, chujio, kinu kidogo cha kutwangia kitunguu saumu, na mbuzi ya kukunia nazi. Hiyo mbuzi usiikwepe kwa kusema siku hizi kuna tui la paketi. Lipo, na siku ya haraka hata mimi nalitumia, ila wali wake nitakuambia una harufu ya nini: ya paketi.

Wali wa nazi, kwa mtu mmoja mwenye njaa

Wali wangu wa kwanza ulivia juu ukaungua chini. Nilimpelekea bibi mwenye nyumba sahani kwa adabu, akaubonyeza kwa kidole, akaniuliza, "Fundi, umeacha kula zege au umehamia kulipika?" Akanikalisha kwenye kigoda uani, na haya ninayokuandikia mengi ni yake.

Nazi kwanza. Itikise sikioni. Ukisikia maji yanacheza ndani, nunua; ikiwa kimya, iache. Tazama na yale macho matatu: yakiwa na unyevu au ukungu, ndani imeshaharibika. Epuka pia koroma, ile isiyokomaa, maana utakuna mpaka mkono ufe ganzi na tui litoke kama maji ya kuoshea vyombo. Dada yangu hunitumia nazi kutoka Pangani kwa basi, ndani ya kiroba, na mimi namshonea madera. Hatujawahi kuulizana nani anamdai mwenzake.

Ikune nazi nzima. Mimina kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, vuruga kwa mkono, kamua, chuja. Hilo ni tui zito, liweke pembeni. Rudisha machicha, ongeza vikombe viwili na nusu vya maji, kamua tena. Hilo ni jepesi. Kwa mchele wa vikombe viwili hayo yanatosha, ila ujue mchele unatofautiana: mpya hunywa maji kidogo, uliokaa ghalani hunywa zaidi. Ndiyo maana nguo napima kwa futi lakini wali napima kwa kidole. Tui likisimama juu ya mchele kwa pingili moja ya kidole cha shahada, umepatia. (Vikombe viwili ni vingi kwa mtu mmoja, najua. Kingine ni cha bibi.)

Bandika tui jepesi na chumvi, ukikoroga mpaka lichemke. Ukiliacha lichemke peke yake linakatika, mafuta yanakimbilia huku na maji kule. Tia mchele uliooshwa, koroga mara moja, punguza moto. Maji yakikaribia kukauka na vishimo vikianza kutokea juu ya wali, mimina tui zito, pitisha mwiko mara moja kutoka chini kwenda juu, funika. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, kwa sababu ya kufunuafunua. Kila ukifunua, mvuke unaondoka, na wali unavia.

Mwenye jiko la mkaa ana bahati: anapunguza makaa ya chini na kupalia mengine juu ya mfuniko, wali unapata moto kote. Mwenye gesi kama mimi anashusha moto mpaka wa mwisho kabisa na kusubiri dakika 15. Ukoko utapatikana hivyohivyo. Usiutupe. Nyumbani kwetu tuligombania ukoko kuliko nyama.

Mchele natumia wa Kyela nikiwa nazo, kwa sababu ya harufu. Nikiwa sina natumia wowote usio na mawe. Na wali wa nazi upike wa kula siku hiyohiyo. Kwa joto la Dar ukilala nje, asubuhi umeshachacha.

Maharage na kapu

Maharage ndiyo yaliyokuwa yananirudisha kwenye zege. Yanakula gesi, na yanataka mtu wa kuyalinda, wakati mimi niko dukani nashona. Ufumbuzi ulikuwa umelala chini ya cherehani muda wote: vipande.

Kila fundi ana gunia la vipande vya vitambaa. Tafuta kapu kubwa la ukili, litandike ndani kwa vipande vilivyobanwa, unene wa kiganja chini na pembeni, ukiacha shimo la kutosha sufuria yako. Shona mto wa duara uliojazwa vipande pia, wa kufunikia juu. Tumia pamba tupu, kama khanga zilizochakaa, shuka kuukuu au mabaki ya kitenge. Nailoni na poliesta usiweke karibu na sufuria, zikipata moto mkali huyeyuka na kuganda. Hilo nalijua kutoka kwenye pasi, kwa hasara ya blauzi ya mtu.

Usiku loweka maharage. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, na chemsha moto mkali kwa dakika 25 kamili. Hapa usifanye ubahili. Maharage mabichi yana sumu inayovuruga tumbo, na joto la kapu peke yake haliiondoi. Ni lazima yachemke hasa. Sufuria iwe imejaa angalau robo tatu, maana iliyojaa nusu hupoa upesi. Baada ya hapo funika, itoe motoni moja kwa moja, itumbukize kapuni, weka mto juu, nenda kazini. Mimi naondoka saa mbili asubuhi. Saa saba nikirudi, sufuria bado inauma mkono na maharage yanabonyea kati ya vidole viwili. Yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kuunga. Chumvi ndiyo kwanza inaingia sasa.

Kuunga ni rahisi: kaanga kitunguu kilainike, tia saumu iliyotwangwa, nyanya mbili, binzari kidogo ukipenda, kaanga mpaka nyanya ziachie mafuta, mimina maharage. Ukitaka ya nazi, chota kiasi cha mlo mmoja tu ndicho utie tui. Yaliyobaki yawe bila nazi, ndiyo yatakayovumilia mpaka kesho ukiyachemsha jioni na asubuhi.

Mboga za majani sina mengi ya kusema. Mchicha na matembele osha maji matatu, mchanga wa bustanini ni mbishi. Pika dakika chache bila mfuniko. Kisamvu mwachie mwenye kinu kikubwa na subira.

Dagaa nunua wa Kigoma hata kama ni ghali. Wale wanaoanikwa mchangani utawaosha mara nne na bado watalia chini ya jino. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto, wakauke, kaanga wakakamae, ndipo utie kitunguu, nyanya na ndimu ya kutosha. Na pilipili mbuzi moja nzima, iliyowekwa juu bila kupasuliwa, itoe harufu tu.

Jumapili moja kwa mwezi naamka alfajiri niende Feri, kule soko la samaki la Kivukoni, nisimame nyuma ya wanaopiga mnada. Fundi wa Magomeni hana ubavu wa kushindana na wenye migahawa, hivyo nangoja wanaouza rejareja, nachukua vibua wawili. Mashavu yawe mekundu, jicho liwe limetuna. Wapo vijana wa kukuparia kwa pesa kidogo; walipe, magamba yasikufuate chumbani.

Kopo la kula nje

Nina kopo la maziwa ya unga juu ya rafu ya nyuzi. Kila suruali ninayoikunja pindo, shilingi 500 inaingia humo. Shati halihusiki, kanzu haihusiki, ni pindo la suruali tu, kwa sababu kazi hiyo ni ndogo na pesa yake zamani ilikuwa inaishia kwenye chipsi bila mimi kujua. Kopo likifika 20,000 natoka. Mwezi mwingine ni mara mbili. Baada ya Idi watu hawana suruali mpya za kukunja, basi natulia na maharage yangu.

Sasa, uende kula nini? Kile kinachotaka moto mkubwa, sufuria kubwa au watu wengi. Mishkaki inataka makaa na upepo wa usiku. Chumbani utapata moshi tu. Mkate wa mofa unataka tanuri lake. Na urojo, jamani, usijaribu kupika urojo wa mtu mmoja. Rojo lenyewe la ukwaju na embe, viazi, bajia, katlesi, mishkaki, chatini, pilipili, chipsi za muhogo za kunyunyizia: utachafua chumba kizima ili upate bakuli moja. Nikivuka Unguja kwenye harusi nakula urojo Mji Mkongwe mchana, na jioni napita Forodhani. Pale nenda mapema, magharibi ikiingia tu, samaki wakiwa wanapanda motoni kwa mara ya kwanza. Uliza bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa kwenye makaa. Kikishaiva, bei nayo inakuwa imeiva. Malizia na juisi ya miwa ya tangawizi na ndimu.

Usilipie nje kile unachokiweza. Mwaka juzi, mfuko ukiwa mzuri baada ya kushona suti za harusi nzima, nilikwenda hoteli moja ya mjini yenye vitambaa vyeupe mezani. Nikaona kwenye orodha wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikaagiza nisikie wenzetu wanapikaje. Ulikuja umefinyangwa kama kilemba cha mtoto, na karoti tatu pembeni. Nikaonja. Tui la paketi! Nililipa, nikashukuru, nikarudi nyumbani kufunua kapu. Nilichofaidi pale ni kukagua pindo la kitambaa cha meza, na hata lenyewe lilishonwa kwa haraka.

Ukitaka kujua mgahawa mzuri, tazama makuli, madereva na makarani wa jirani wanakula wapi saa sita na nusu. Wanaokula kila siku mahali pamoja hawadanganyiki mara mbili.

Kwangu mimi kopo likijaa ni biriani ya Ijumaa. Biriani ya uswahilini wali wake na rojo lake hupikwa mbalimbali, na rojo ndilo lenye kazi: vitunguu vya kukaanga mpaka viwe vya kahawia, mtindi, nyama iliyolazwa na papai bichi ilainike. Sufuria ya watu 60 ina utamu ambao ya mtu mmoja haitaupata hata ukikesha. Shida ni muda. Msikiti ukimwaga watu baada ya swala, foleni inafika barabarani, na wa mwisho wanapewa wali na mchuzi wa kusuzia sufuria. Basi pita kabla ya adhana, mlipe mpishi kabisa, mwambie akuwekee sahani mbili, moja ya kufunga. Ya kufunga ni ya bibi. Husema kila mara kwamba chumvi imepungua, na sahani hurudi imeoshwa.